2,147,483,647: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu namba moja tu. Nimeandika majibu kwa mtu anayejua kuzidisha, kugawanya na kutafuta baki, basi. Alama ^ inaonyesha kipeo: 2^5 ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 32. Ukitaka kufuata sehemu ndefu za kati, chukua kalamu na karatasi, maana karibu kila ninachodai hapa unaweza kukihakiki mwenyewe.

Namba hii inasomwaje?

Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Kwa kifupi ni 2^31 − 1.

Huna haja ya kukariri tarakimu zake kumi. 2^10 ni 1,024. Zidisha 1,024 kwa 1,024 upate 2^20, ambayo ni 1,048,576. Zidisha tena kwa 1,024 upate 2^30, yaani 1,073,741,824. Mara mbili yake ni 2,147,483,648. Toa moja, umefika.

Ni kubwa kiasi gani?

Ukianza kuhesabu moja, mbili, tatu, namba moja kila sekunde, usile wala usilale, utaifikia baada ya siku 24,855 na saa tatu na ushei. Hiyo ni miaka 68 na siku 18 hivi. Shikilia hesabu hiyo ya miaka 68, tutaihitaji tena chini.

Ina nini cha pekee kuliko jirani zake?

Iandike kwa kizio cha mbili, yaani mfumo wenye tarakimu 0 na 1 tu, nawe utaona:

1111111111111111111111111111111

Moja thelathini na moja, bila sifuri hata moja. Ni kama 999 katika namba zetu za kawaida, ambayo ni 1,000 toa moja. Hapa ni 2^31 toa moja, kwa hiyo kila nafasi imejaa. Kwa kizio cha nane inaandikwa 1 ikifuatwa na 7 kumi. Kwa kizio cha kumi na sita ni 7FFFFFFF, sura ambayo waandishi wa programu wanaifahamu sana.

Mambo mengi utakayoyasoma hapa chini yanatokana na safu hiyo ya moja zilizopangana. Jambo lisilotokana nayo, na ndilo lililonifanya niipende namba hii, ni kwamba haigawanyiki.

Je, ni namba tasa?

Ndiyo. Inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Ukizipanga namba tasa zote kuanzia 2, 3, 5, 7 na kuendelea, hii ni ya 105,097,565.

Nitajuaje kuwa ni tasa bila kumwamini mtu?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu polepole.

Njia ya kawaida ni kujaribu kuigawa kwa kila namba tasa hadi kufikia kipeuo chake cha pili. Kipeuo hicho ni 46,340 na ushei. Huna haja ya kwenda mbele ya hapo, kwa sababu kama namba ina vigawo viwili, kimoja lazima kiwe kidogo kuliko kipeuo. Tatizo ni kwamba chini ya 46,340 kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Kugawa namba ya tarakimu kumi mara 4,700 kwa mkono ni kazi ya kumkatisha mtu tamaa, na kosa moja tu linaharibu yote.

Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18, aliipunguza kazi hiyo kwa hoja mbili.

Hoja ya kwanza. Tuseme kuna namba tasa q inayoigawa 2^31 − 1 bila baki. Maana yake 2^31 ikigawanywa kwa q inabakiza 1. Sasa chukua 2, izidishe kwa 2, tena kwa 2, na kila mara andika baki baada ya kugawa kwa q. Mabaki hayo huzunguka: yanatembea, yanafika 1, yanaanza upya. Tuone kwa mfano mdogo, 2^11 − 1, ambayo ni 2,047 na ni zao la 23 na 89. Kwa q = 23 mabaki ni

2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1.

Hatua kumi na moja, kisha mduara unafunga. Pierre de Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa wa karne ya 17, aligundua kwamba urefu wa mduara wa namna hii lazima ugawe q − 1 bila baki. Hapa q − 1 ni 22, na kweli 11 inaigawa 22. Kwa 89, q − 1 ni 88, na 11 inaigawa 88.

Rudi kwa namba yetu. Mduara lazima uwe na urefu unaogawa 31, na 31 ni tasa, kwa hiyo urefu ni 31 kamili. Basi 31 inaigawa q − 1. Tena q ni witiri, kwa hiyo q − 1 ni shufwa. Ukiviunganisha, q − 1 ni kigawe cha 62. Mgawaji yeyote wa namba yetu lazima awe na sura ya 62k + 1. Namba 3, 5, 7, 11, 13 na maelfu mengine zimeondoka bila kuguswa.

Hoja ya pili. Kama 2^31 inabakiza 1, basi 2^32 inabakiza 2. Lakini 2^32 ni mraba wa 2^16. Kwa hiyo mbele ya q, namba 2 ni baki la mraba, yaani kuna mraba ambao ukigawanywa kwa q unabakiza 2. Inajulikana kwamba jambo hilo hutokea tu kwa namba tasa witiri zinazobakiza 1 au 7 zikigawanywa kwa 8. Angalia mfano wetu: 23 inabakiza 7, na 89 inabakiza 1.

Unganisha hoja zote mbili na utapata kwamba q lazima iwe 248n + 1 au 248n + 63. Hakuna sura ya tatu.

Sasa tuhesabu kazi iliyobaki. Namba za sura ya kwanza zilizo chini ya 46,340 ni 186. Za sura ya pili ni 187, lakini moja wapo ni 63 yenyewe, ambayo kila mtu anaona si tasa. Zinabaki 372. Na hata hizo si zote za kujaribiwa, kwa sababu zisizo tasa unaziruka. Orodha inaanza hivi: 63, 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1055, 1241, 1303, 1489. Kati ya kumi na mbili hizo, tasa ni tatu tu: 311, 1303 na 1489. Tuzijaribu.

Kwa 311 inabaki 35. Kwa 1303 inabaki 226. Kwa 1489 inabaki 199.

Ukiendelea hivyo hadi mwisho utakuwa umefanya migawanyo isiyofika mia. Mtu mwenye subira anaimaliza kazi hiyo katika siku mbili tatu, na akimaliza hana haja ya kumwuliza yeyote kama namba hii ni tasa. Sijui njia nyingine inayonipa furaha ya namna hiyo: ulianza na maelfu ya majaribio, ukakaa ukafikiri kidogo, ukabaki na machache ya kuandikwa katika daftari moja.

Kwa hiyo aliyethibitisha ni Euler?

Ndiyo. Matokeo yake yalitolewa mwaka 1772, katika barua aliyomwandikia mmoja wa ukoo wa wanahisabati wa Bernoulli. Alisema amezijaribu namba tasa zote za sura hizo mbili hadi 46,339 bila kupata hata moja inayogawa. Wakati huo alikuwa karibu haoni kabisa. Kwa miongo mingi baada ya hapo hakuna namba tasa kubwa kuliko hii iliyojulikana duniani.

Lakini kuna waliodai kabla yake. Pietro Cataldi, Mwitalia, alionyesha mwaka 1588 kwamba 2^17 − 1 na 2^19 − 1 ni tasa, akizigawa moja baada ya nyingine. Hapo alikuwa sahihi. Kisha akadai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa. Kati ya hivyo vinne ni 31 tu iliyosimama. 2^23 − 1 inagawanyika kwa 47, 2^37 − 1 inagawanyika kwa 223, na Fermat aliyaonyesha hayo mwaka 1640. 2^29 − 1 inagawanyika kwa 233, jambo ambalo Euler alilionyesha mwaka 1738.

Mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha yake ya vipeo mwaka 1644: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127, 257. Ya 31 ilikuwemo. Vipeo 67 na 257 vilikuwa makosa, na alisahau 61, 89 na 107. Hata hivyo namba za sura 2^p − 1 zikabeba jina lake hadi leo. Yetu ni namba tasa ya nane ya Mersenne.

Kudai na kuthibitisha ni mambo mawili. Cataldi na Mersenne waliitaja kwa usahihi, lakini katika pumzi ileile waliyotaja nyingine zisizo sahihi. Kwa hiyo namba hii mimi naihesabu kuwa ya Euler.

Je, kila namba yenye moja tupu kwa kizio cha mbili ni tasa?

Hapana, na sababu inaonekana kwa macho. Chukua moja sita: 111111. Zikate vipande viwili vya tatu tatu: 111 na 111. Kwa hiyo 111111 ni 111 × 1001. Kwa namba zetu za kawaida, 63 ni 7 × 9. Idadi ya moja ikikatika vipande sawa, namba nzima inagawanyika. Ndiyo maana kipeo lazima chenyewe kiwe tasa.

Lakini hilo halitoshi. 11 ni tasa, na bado 2^11 − 1 ni 23 × 89. Moja kumi na moja hazikatiki vipande sawa, ila zinagawanyika kwa njia isiyoonekana kwa macho. Moja thelathini na moja hazikatiki, na hazina njia iliyofichika. Hakuna anayejua kueleza kwa sentensi moja kwa nini 31 inafaa na 29 haifai. Lazima ukae uhesabu.

Kuna njia fupi kuliko ya Euler?

Ipo, inaitwa jaribio la Lucas na Lehmer. Édouard Lucas alianza nalo katika karne ya 19, na mwaka 1876 alitangaza kwamba 2^127 − 1, namba ya tarakimu 39, ni tasa. Derrick Henry Lehmer alilinyoosha baadaye.

Anza na 4. Kila hatua, ipeleke namba uliyo nayo kwenye kipeo cha pili, toa 2, kisha chukua baki baada ya kugawa kwa namba unayoijaribu. Kwa 2^p − 1 unafanya hatua p − 2. Ukiishia sifuri, ni tasa. Usipoishia sifuri, si tasa.

Jaribu na 31, ambayo ni 2^5 − 1, kwa hiyo hatua ni tatu. 4 inakuwa 14. 14 inakuwa 194, ambayo ikigawanywa kwa 31 inabakiza 8. 8 inakuwa 62, na 62 ni mara mbili ya 31. Baki sifuri. 31 ni tasa.

Kwa namba yetu hatua ni 29. Inaanza 4, 14, 194, 37,634, 1,416,317,954, na kuanzia hapo kila hatua inahitaji kugawa. Hatua ya 29 inatoa sifuri. Kompyuta inaimaliza kazi hiyo kabla hujaondoa kidole kwenye kibonye. Njia hiyohiyo, kwa hesabu kubwa zaidi, bado inatumika kuthibitisha namba tasa za Mersenne zinazogunduliwa leo. Ile kubwa kuliko zote iliyotangazwa Oktoba 2024 ni 2^136,279,841 − 1, yenye tarakimu 41,024,320.

Kupata baki la kugawa kwa namba hii ni rahisi kweli?

Ni rahisi ajabu, na sababu ni zile moja tupu. Kama 2^31 inabakiza 1, basi kila 2,147,483,648 iliyo ndani ya namba yako unaweza kuihesabu kuwa 1. Chukua 5,000,000,000. Ndani yake kuna 2,147,483,648 mara mbili, na zinabaki 705,032,704. Jumlisha 2 na hizo: 705,032,706. Hilo ndilo baki. Ni ujanja uleule wa kutafuta baki la 9 kwa kujumlisha tarakimu.

Namba timilifu ina uhusiano gani na hii?

Namba timilifu ni ile ambayo vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha. 6 ni 1 + 2 + 3. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euclid alionyesha, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, kwamba kila namba tasa ya sura 2^p − 1 ukiizidisha kwa 2^(p − 1) inazaa namba timilifu. Euler akaongeza kwamba namba timilifu zote zilizo shufwa zinapatikana kwa njia hiyo tu. Kama kuna iliyo witiri, hakuna aliyewahi kuiona, wala aliyethibitisha kwamba haipo.

Yetu inazaa 2,305,843,008,139,952,128. Ni ya nane katika orodha na ina vigawo 62. Unaweza pia kuipata kwa kujumlisha 1 + 2 + 3 na kuendelea hadi 2,147,483,647.

Mwaka 1811 Peter Barlow wa Uingereza aliandika kwamba hiyo ndiyo namba timilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa ni vitu vya kustaajabia tu visivyo na faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta zaidi. Miaka 65 baadaye Lucas alikuwa amemvuka. Leo zinajulikana 52. Nadhani Barlow aliielewa hesabu vizuri, ila hakuwaelewa watu.

Kwa nini namba hii inatokea kila mahali kwenye kompyuta?

Kwa sababu kompyuta nyingi huhifadhi namba nzima katika nafasi ya biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 au 1. Biti moja, ya kushoto kabisa, huonyesha kama namba ni hasi. Zinabaki 31. Zikijaa moja zote, umefika kikomo: 2,147,483,647. Upande wa hasi unafika −2,147,483,648, mmoja zaidi, kwa kuwa sifuri imechukua nafasi upande wa chanya.

Ukiongeza 1 juu ya kikomo, mara nyingi moja zote zinageuka sifuri na biti ya kushoto inawaka. Kompyuta inasoma −2,147,483,648. Ukiona salio au kihesabio kimeruka ghafla kutoka bilioni mbili na kitu hadi hasi bilioni mbili na kitu, usitafute mchawi.

Si kweli kwamba hii ndiyo namba kubwa kuliko zote ambayo kompyuta inaweza kuihesabu. Ni kikomo cha nafasi hiyo moja tu. Ukitumia nafasi ya biti 64, kikomo ni 9,223,372,036,854,775,807. Ndivyo YouTube ilivyofanya mwaka 2014, video moja ya muziki kutoka Korea Kusini ilipotazamwa mara nyingi hadi kihesabio cha biti 32 hakikutosha.

Kikomo cha kompyuta kuwa namba tasa ni makusudi?

Hapana, imetokea tu. Vikomo vya namba yenye alama ya chanya au hasi, kwa biti 8, 16, 32 na 64, ni 2^7 − 1, 2^15 − 1, 2^31 − 1 na 2^63 − 1. Ya kwanza ni 127, tasa. Ya pili ni 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151. Ya tatu ni yetu. Ya nne inagawanyika kwa 7, na kwa kuwa umeshaona habari ya kukata moja vipande, unaweza kuona sababu: moja 63 zinakatika vipande vya tatu tatu, na 111 ni 7.

Euler aliitafuta karibu karne mbili kabla ya mashine ya biti 32 kujengwa. Wahandisi walichagua 32 kwa sababu zisizohusu namba tasa. Njia mbili zisizojuana zimekutana kwenye namba moja.

Mbona kwenye jedwali langu namba hii imejirudia mara nyingi?

Niliwahi kuletewa jedwali la wateja ambalo karibu kila mmoja alikuwa na namba ileile ya simu: 2147483647. Mwenye jedwali alidhani watu wamedanganya. Hawakudanganya. Safu ya simu ilikuwa imewekwa kuwa namba nzima ya biti 32, na namba za simu zilikuwa na tarakimu 12. Hifadhidata ilipopewa namba kubwa kuliko uwezo wake, ikaandika kikomo chake na kuendelea bila kulalamika. Namba halisi zilikuwa zimepotea, ikabidi zikusanywe upya.

Tiba ni kuhifadhi namba ya simu kama maandishi. Huijumlishi wala huizidishi, kwa hiyo haina sababu ya kuwa namba kwenye hifadhidata. Na kama safu ya vitambulisho vinavyojiongeza iko biti 32 na inakua haraka, ihamishe mapema kwenda biti 64, kabla haijagonga ukuta usiku wa manane.

Habari ya mwaka 2038 ni kweli?

Kweli. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Mahali ambapo hesabu hiyo imewekwa katika biti 32 zenye alama, itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa tisa usiku na dakika 14 na sekunde 7 kwa saa za UTC. Hiyo ndiyo miaka 68 na siku 18 tuliyoiona juu. Sekunde inayofuata, mfumo usiorekebishwa utaruka nyuma hadi tarehe 13 Desemba 1901.

Kompyuta na simu za kisasa kwa kiasi kikubwa zimehamia biti 64. Wasiwasi wangu uko kwenye vifaa vidogo vilivyofungwa ndani ya mitambo, ambavyo hakuna anayevikumbuka mpaka siku vitakapogoma.

Inatumikaje kutengeneza namba nasibu?

Anza na 1. Zidisha kwa 16,807, ambayo ni 7^5, kisha chukua baki baada ya kugawa kwa 2,147,483,647. Rudia. Unapata 16,807, halafu 282,475,249, halafu 1,622,650,073, na kuendelea. Kwa macho hazina mpangilio. Kwa kuwa kigawanyi ni tasa na 16,807 imechaguliwa vizuri, mfuatano unapita kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, ndipo unaporudi mwanzo. Stephen Park na Keith Miller waliipendekeza mwaka 1988 kuwa kiwango cha chini ambacho programu yoyote ya namba nasibu isishuke. Ukitaka kujua kama umeiandika sawasawa, anza na 1 na uzidishe mara 10,000: lazima upate 1,043,618,065.

Usiitumie kwa nywila wala siri yoyote. Mtu akiona namba moja tu kati ya hizo, anajua zote zinazofuata.

Jirani zake wakoje?

Aliye chini yake, 2,147,483,646, amejaa vigawo: 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Aliye juu yake ni 2 tupu, mara 31. Ukipanda hatua moja zaidi unakuta 2,147,483,649, ambayo ni 3 × 715,827,883, na hiyo 715,827,883 nayo ni tasa. Namba tasa inayoitangulia ni 2,147,483,629, na inayoifuata ni 2,147,483,659. Kwa hiyo haina pacha, yaani namba tasa inayopishana nayo kwa 2 tu.

Jumla ya tarakimu zake je? Inaweza kuwa jumla ya miraba miwili?

Jumla ya tarakimu ni 46. Jumla ya miraba miwili haiwezekani, kwa sababu ikigawanywa kwa 4 inabakiza 3.

Nimesikia ni Mersenne maradufu. Maana yake nini?

Kipeo chake, 31, nacho ni namba tasa ya Mersenne: 2^5 − 1. Namba tasa za namna hii zinazojulikana ni nne tu: 7, 127, yetu, na 2^127 − 1.

Basi tukiipandisha yenyewe kuwa kipeo, 2^2,147,483,647 − 1 itakuwa tasa?

Wengi wangependa iwe hivyo. Namba hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646, na haiwezekani kuijaribu kwa kuandika. Lakini si tasa: inagawanyika kwa 295,257,526,626,031.

Kumbuka hoja za Euler. Kipeo kilipokuwa 31, mgawaji alilazimika kuwa kigawe cha 2 × 31 kikiongezwa 1. Sasa kipeo ni 2,147,483,647, kwa hiyo toa 1 kwenye mgawaji huyu, upate 295,257,526,626,030. Gawa kwa 2 × 2,147,483,647. Jibu ni 68,745 bila baki. Kisha gawa mgawaji mwenyewe kwa 8: inabaki 7, kama hoja ya pili inavyotaka.